Shule ya Moshi iliyo chini ya mlima: ni ya nani?

Moshi wengi bado wanaiita ISM, yaani International School Moshi, japo tangu 2019 jina ni UWC East Africa, baada ya kujiunga na United World Colleges, mtandao wa shule za kimataifa. Kuna wanaoiona fahari ya mji na kuna wanaosema ni kisiwa cha wenye hela, na kiukweli wote wana hoja.

Ilianza 1969, wavulana na wasichana pamoja, hasa kwa ajili ya watoto wa madaktari na wafanyakazi wa kigeni wa KCMC, hospitali iliyokuja kufunguliwa rasmi 1971. Na kumbuka miaka hiyohiyo baada ya Azimio la Arusha serikali ilikuwa inazichukua shule za misheni, kwahiyo hii ni shule binafsi iliyozaliwa wakati wenzake wanataifishwa, nadhani kwa sababu daktari mwenye watoto hakai mahali hapana shule.

Majengo yapo vizuri, mabweni, maabara, viwanja vya nyasi, bwawa la kuogelea, na kampasi ya pili Arusha toka 1987. Ila utajiri mkubwa kuliko vyote ni mlima. Wanafunzi wanaanza na safari fupi za kulala kwenye mahema, wanapanda ngazi moja moja mpaka waliokomaa wanaikabili Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895. Mtoto wa Pasua, mtaa wa hapahapa Moshi, anaiona Kibo, kilele cha mlima huo, kila asubuhi akienda shule ya kata na anamaliza form four hajafika hata geti la Marangu, pale wapandaji wanapoanzia. Hapo ndo panauma.

Wanaoitetea wanasema UWC imebadilisha mambo, maana kamati za nchi mbalimbali zinachagua vijana kwa uwezo na tabia, na asiye na uwezo anapewa skolashipu. Ni kweli, na ni jambo kubwa sana, kijana wa familia ya kawaida anakaa bweni moja na wa Ulaya. Lakini nafasi hizo zaidi ni za miaka miwili ya mwisho, huko chini mzazi bado analipa kwa dola, na wengi wakimaliza diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) wanaenda vyuo vya nje.

Mimi nasimama na skolashipu, ila hazitoshi. Jumamosi maabara zile zinakaa kimya, wafungulieni wanafunzi wa shule za kata za jirani, na kwenye kila safari ya mlimani wachukueni hata watano wa mitaa ya Pasua na Majengo.