Deni la unga si jawabu

Zikiokotwa maiti mbili Malindi, iwe Maweni au Kisumu Ndogo, barazani husikika neno moja, unga hapa ukiwa heroini: "Deni la unga." Likishatamkwa, watu hurudi kwenye kahawa yao, kana kwamba kesi imeisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo ingeanza, kwa sababu deni lenyewe hutengenezwa, na anayelitengeneza anajua afanyalo.

Muuzaji wa mtaani hanunui mzigo, hupewa mali kauli: uza kwanza, ulete hesabu. Wanaopewa ni mateja wenyewe, waraibu wa unga, maana ndio wanaojuana na wateja. Tuseme mmoja kapewa kete 20, vipakiti vidogo vya unga, za shilingi 200 kila moja. Mauzo ni 4,000. Apeleke 3,200, zake 800, yaani kete nne. Mzigo unamchukua siku mbili, naye huvuta kete tatu kwa siku. Sita zimekwenda, amebaki na 14 za kuuza: 2,800. Hesabu imepungua 400 na wali hajala. Mzigo wa pili unaanza na pengo hilo. Wiki tatu za mtindo huo ni mizigo kumi, deni 4,000.

Mtaani huitwa mwizi. Lakini arosto, maumivu ya kukosa unga, huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kete ya mwisho, ikakolea siku ya pili na ya tatu: kutapika, kuhara, mifupa kuuma. Mtu wa hali hiyo umemtilia kete za watu mfukoni, unategemea azilinde?

Mahakamani deni hili haliendi, kwani makubaliano ya biashara haramu hayasimami mbele ya hakimu. Mdai amebaki na panga. Hata hivyo 4,000 peke yake si ya kuulia mtu, maana maiti halipi. Kinachoua ni shaka. Polisi wakivamia maskani, kijiwe cha mateja, wakachukua kete, deni linabaki palepale, na "nilishikwa" ni neno la kila mtu, hata aliyezivuta mwenyewe. Mdai anawaza: ama ananidanganya, ama ameachiliwa kwa kunitaja. Na huyo maiti wa pili huenda hakudaiwa hata senti. Alilala chumba kile usiku ule, akaona sura.

Kisheria, deni halithibitishi mauaji. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema sababu iliyomsukuma mtu haihusiki na hatia yake, ila pale sheria ilipotamka vingine. Vifungu vya 203 na 204, vya kosa la kuua kwa kukusudia, vinataka kifo, kitendo na nia, na kila aliyeuawa ana shtaka lake. Deni hufaa pale ambapo hakuna aliyeshuhudia, likiungwa na mengine: nani alionekana naye mwisho, simu ilikuwa wapi, taarifa ya M-Pesa inasema nini.

Kwetu kesi huharibikia kaburini. Familia inataka kuzika kabla ya magharibi, na haki yao. Lakini daktari asipopasua na kuandika chanzo cha kifo, wakili wa mshtakiwa amefunguliwa mlango, na kufukua baadaye kunataka amri ya mahakama. Imamu na wazee wakisimamia, upasuaji ufanywe asubuhi na maziko yawe jioni.

Halafu kuna meseji ya kutishia. Kutishia kuua ni kosa peke yake, kifungu cha 223, kifungo hadi miaka 10, damu ikiwa haijamwagika bado. Usiifute. Piga ripoti, udai namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na simu yenyewe iwekwe. Picha ya skrini pekee hubishiwa.

Methadoni, dawa ya kuwatibu mateja, inatolewa hospitali ya Malindi tangu 2015, ikinywewa kila siku mbele ya mhudumu. Dozi huanza chini na kupandishwa polepole, kwa kuwa nyingi kwa mpigo husimamisha pumzi. Ila inatibu arosto, deni hailigusi. Anayeacha unga ameacha na kuuza, njia pekee aliyokuwa akilipia, na mdai humwona kama anayetoroka. Kwa hiyo wiki za mwanzo alale kwa jamaa aliye karibu na hospitali, mbali na maskani alikochukulia mzigo, na asiende kuchukua dozi peke yake.