Poka ya mtandaoni inalipa ngapi kwa saa? Kwanza tukubaliane saa ni ipi

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza, kwenye poka ya mtandaoni kipi kinalipa zaidi kwa saa, keshi gemu (pesa iko mezani, unaingia na kutoka unapotaka), tonamenti (unalipa kiingilio mara moja, mnacheza mpaka abaki mmoja) au zile za watu watatu zinazoisha fasta. Na mara nyingi anauliza huku jibu analo tayari kichwani, tonamenti, manake ameona picha ya mtu kaweka kiingilio cha dola 22 kaondoka na dola elfu kadhaa usiku mmoja, anagawanya kwa masaa tisa na anaona maisha yamenyooka. Hesabu hiyo imewaumiza watu ninaowajua, watu wenye akili kabisa, ndo mana leo naiandika yote kirefu.

Tuanze na keshi gemu kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Meza ya watu sita, blaindi, yaani dau la lazima kabla ya karata, ndogo senti 25 na kubwa senti 50. Meza moja inatoa migao (raundi za karata) kama 75 kwa saa, ukifungua meza nne unapata 300. Tuseme wewe ni mzuri, mzuri wa kweli, na reki, yaani makato ya tovuti, ikishakatwa unabaki na blaindi kubwa 4 kwa kila migao 100. Hiyo ni dola 2 kwa migao 100, yaani dola 6 kwa saa. Watu wengi wakifika hapa wanakasirika, dola 6 tu? Ndio, na hizo dola 6 zenyewe haziji kila saa.

Hapa naomba usome taratibu. Kwenye meza za watu sita matokeo ya migao 100 yanayumba kwa blaindi kubwa kama 90 juu au chini ya wastani wako, ni kawaida kabisa. Sasa cheza migao 100,000, ambayo kwa meza nne ni zaidi ya masaa 330. Wastani wako unasema utakuwa na dola 2,000. Lakini mchezaji mwenye uwezo uleule, bila kukosea chochote cha ziada, anaweza kumaliza amepoteza dola 800 na mwingine akamaliza amepata dola 4,800, na wote wawili wapo ndani ya yale yanayotarajiwa. Ukimuuliza wa kwanza atakwambia poka ya mtandaoni imekufa, ukimuuliza wa pili atakwambia anapata dola 14 kwa saa na ataanza kufikiria kuacha kazi. Hakuna anayedanganya. Namba zao bado ni changa, basi.

Kwa hiyo mtu akikwambia anashinda blaindi kubwa 15 kwa migao 100, muulize amecheza migao mingapi. Mwaka 2019 programu ya kompyuta inayocheza poka, Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Carnegie Mellon pamoja na Facebook, ilicheza migao 10,000 dhidi ya wachezaji wa kulipwa watano watano mezani, na makadirio ya ushindi wake yalikuwa karibu blaindi kubwa 5 kwa migao 100. Ni kweli ilikuwa inapambana na mabingwa, kwenye meza za pesa ndogo zenye wachezaji wageni wa mchezo, binadamu anaweza kupata zaidi ya hapo. Ila inakupa kipimo cha kujua nani anaongea hesabu na nani anaongea wiki yake moja nzuri.

Alafu kuna zile meza za kasi ambazo ukitupa karata tu unahamishiwa meza nyingine papo hapo, Full Tilt walizileta 2010 na PokerStars wakaja na Zoom yao 2012. Hapo unapata migao 240 kwa saa kwenye meza moja, mbili zinakupa 480. Inaonekana bonge la dili mpaka uangalie upande wa pili: huchagui unakaa na nani, humsomi mtu manake baada ya sekunde kumi kashapotea, na wachezaji dhaifu huwapati kwa muda mrefu. Ushindi wako ukishuka kutoka blaindi kubwa 4 hadi 2.5 kwa migao 100, piga hesabu: dola 1.25 mara 4.8, dola 6. Umerudi palepale, ila macho yamechoka mara mbili.

Za watu watatu kama Spin & Go, zilizoingia 2014, hizi ndo naona watu wanazielewa vibaya kuliko zote. Kiingilio dola 10, zawadi inachaguliwa kwa bahati kabla ya mgao wa kwanza, mara nyingi ni mara mbili ya kiingilio, mchezo unaisha kwenye dakika saba hivi. Ukipata faida ya asilimia 3 tu ni senti 30 kila mchezo, fungua nne kwa pamoja unamaliza kama 34 kwa saa, dola 10 hizo! Karatasini zinaipiga keshi gemu kwa mbali. Lakini sehemu ya hiyo faida imefungwa ndani ya zile zawadi kubwa zinazotokea mara moja kwenye maelfu ya michezo, na mpaka zikutokee wewe, halafu uzishinde, unaishi chini ya wastani wako. Unaweza kucheza mwaka mzima vizuri kabisa na hiyo pesa usiione. Mi siwezi kuiita mshahara wa saa kitu ambacho saa nyingi hakipo.

Sit & go za watu tisa za zamani, tonamenti ndogo za meza moja, sitazikalia, zimebaki chache na waliobaki wanajua hesabu zake kwa moyo. Omaha vilevile, karata nne mkononi, wachezaji wabovu wapo wengi, ila mayumbo yake ni makubwa zaidi ya holdem, ile ya karata mbili tunayoizungumzia hapa, na sufuria (pesa za katikati ya meza) zikiwa kubwa mara kwa mara reki nayo inakula mara kwa mara.

Sasa tonamenti. Chukua za dola 22, na wewe una faida ya asilimia 25, ambayo ni kazi nzuri. Kila moja inakupa dola 5.50 kwa wastani. Kwa wastani unakaa ndani masaa mawili na nusu, ukicheza sita kwa pamoja ni kama dola 13 kwa saa. Mara mbili ya keshi gemu, kweli kabisa, sibishi. Kinachonisumbua ni zinakotoka hizo dola 13. Kwenye tonamenti ya watu 1,000 wanaolipwa ni kama 150, na wengi wao wanapata mara mbili ya kiingilio au pungufu ya tatu. Pesa ya maana ipo kwa watu watatu wa juu. Hata ukiwa bora kuliko wengi waliopo, kushinda moja kunaweza kuchukua tonamenti 600 au 700, kwa hiyo mwaka wako wote unaamuliwa na jioni mbili tatu, na kwenye hizo jioni unaamuliwa na migao mitatu minne.

Kuna moja mpaka leo naiona. Tumebaki 11, nimekaa saa saba na dakika kama arobaini, macho yanawasha, nina ree na mfalme wa kopa, jamaa ana kumi mbili, chipu zote katikati. Mgao huo ni karibu nusu kwa nusu, yeye mbele kidogo. Karata tano zikashuka, sikupata kitu, nikatoka wa 11 na dola kama 190. Wa kwanza aliondoka na zaidi ya dola 3,000. Nimecheza sawa, na ningepewa tena ningeweka zote tena. Lakini angalia: migao yote mizito inakuja mwisho, wakati mwili umeisha, na huwezi kusimama ukalale. Keshi gemu ukichoka unafunga meza na pesa yako iko palepale. Hiyo haipo kwenye hesabu ya mtu yeyote ya dola kwa saa na naona ingefaa iwepo.

Ndo nikaanza daftari. Naandika saa niliyofungua kompyuta na saa niliyofunga, sio muda wa meza tu. Kusubiri meza nzuri, kuangalia tena migao niliyokosea, kusoma na zile programu za kukokotoa uchezaji bora, vyote vinaingia. Nikicheza masaa 20 kwa wiki nasoma 8, zile dola 6 zinakuwa dola 4.30 hivi. Upande wa tonamenti kusoma kunakula zaidi, manake kila kiasi cha chipu kina mchezo wake. Na mtaji pia: keshi gemu nakaa na viingilio 40 vya dola 50, dola 2,000, tonamenti za dola 22 chini ya viingilio 200 mi silali, hiyo ni dola 4,400 imekaa tu inasubiri kuyumba.

Tovuti niliyokuwa nacheza zamani iliwahi kupunguza kiasi cha reki inachorudisha, wakatuma ujumbe wa mistari miwili, na mwezi uliofuata pato langu la saa likapungua kwa karibu theluthi bila mimi kubadilisha chochote. Tangu hapo kwenye daftari nina safu ya reki peke yake, naijaza kabla ya faida.

Kwa mtu anayetaka pesa ya kutegemea kila mwezi, mi nasema meza za kawaida za keshi gemu, nne, sio nane, na uchague unakaa na nani. Tonamenti nacheza Jumapili tu, mbili au tatu, na masaa yake nayaandika ukurasa wa nyuma wa daftari, hayachanganyiki na yale mengine.