Kifaransa Kimeondoka, Biashara Imeingia Nyumbani

Binti yangu ameacha Kifaransa. Hakikufa ghafla, kiliugua tangu kidato cha kwanza, na mwisho wa kidato cha pili kikakata roho, siku walipoletewa karatasi ya kuchagua masomo. Baraza la mitihani, kwa hekima yake, limekiweka Kifaransa kundi moja na Kijerumani, Kiarabu, Lugha ya Ishara, Muziki na Biashara. Shuleni kwake katika hayo kuna mawili tu, Kifaransa na Biashara, na vipindi vyake vimegonganishwa saa ileile. Haya, chagua: ujue kusema "bonjour" au ujue kuandika daftari la duka. Mtoto wa dereva wa tuktuk Malindi atachagua lipi?

Ningekuwa sikulipa kitu ningenyamaza. Lakini kamusi nimenunua mimi, ile nene ya jalada gumu, na kazi yake sasa ni kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo wa kusi. Inaifanya vizuri, siwezi kuisingizia.

"Kwani Kifaransa kimekukosea nini?" nikamuuliza.

"Baba, madam wa Kifaransa alihamishwa."

"Lini?"

"Muhula wa pili."

"Sasa anawafundisha nani?"

"Tunajifundisha."

Jamani! Kiswahili chenyewe, tulichonyonya na maziwa, kuna watoto wa hapahapa pwani wanakipatia D. Kifaransa watajifundisha na nani, na paka wa bwenini? Tena kina mtihani wa kuzungumza, mtoto anakaa mbele ya mtu anaulizwa maswali. Humu ndani wa kufanya naye mazoezi ni mimi, na mimi nina "merci" peke yake. Nilijaribu kumshikilia kitabu akariri hesabu, nikaona tisini na tisa kwao ni "nne ishirini kumi na tisa". Mwanangu, ukimtajia abiria nauli namna hiyo, ukifika kwenye tisa ameshapanda bodaboda.

Basi akanipigia hesabu yake mwenyewe. Kuingia chuo kikuu anataka C+. Kifaransa bila mwalimu ni kujitafutia D ya bure. Biashara ina mwalimu, ina vitabu, ina wenzake arubaini wa kudurusu nao. Nilitafuta la kumjibu, sikuliona.

Kinachonichoma ni kwamba haya yanatokea Malindi! Mji huu lugha za watu zinaokotwa njiani. Waitaliano walianza kutuzoea miaka ya 1960, walipoweka kituo chao cha kurushia setilaiti kule baharini Ngomeni, na setilaiti ya kwanza kutoka pale ikapaa 1967. Walikuja na roketi, wakaonja kamba na jua, wakajenga majumba. Leo kijana anayeuza vinyago ufukweni, aliyeiaga shule darasa la sita, anabishana bei na Mtaliano kwa Kiitaliano mpaka Mtaliano anatoa pesa kwa kuchoka. (Mreno alitutangulia 1498, nguzo yake ya mawe ingali pale pwani, na sijamsikia mtu akinunua samaki kwa Kireno.)

Mimi mwenyewe sikuingia darasa la Kiitaliano hata dakika. Mwalimu wangu ni bibi mmoja wa Kitaliano ninayemchukua sokoni na vikapu vyake vya nyanya. Anakaa kiti cha nyuma na mwavuli. Nikikosea kitenzi, mwavuli unanigonga bega, anakisema yeye, nakirudia, hata kama niko katikati ya mzunguko na lori linanipigia honi. Nikipatia mpaka mlangoni kwake, ananiongeza kitu juu ya nauli. Nikiboronga, nalipwa nauli kavu. Hakuna mwalimu wa shule anayeweza kushindana na mpango huo.

Mtoto wa jirani yeye alikimbilia Kichina wakati reli ya Mombasa hadi Nairobi inajengwa. Kila asubuhi anapanda na kushuka sauti pale uani kama mtu anayejaribu spika za msikitini. Reli ikazinduliwa 2017, wahandisi wakafunga virago, na sasa Kichina chake kinasoma maandishi ya nyuma ya chaja. Ukinunua chaja mtaani kwetu, unampelekea yeye kwanza.

Mpwa wangu muuguzi kaokokea Kijerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, dada yangu hatulazi. Kuuguza kule wanataka Kijerumani chako kifike kiwango cha B2, na binti yuko A2, ngazi mbili chini, kwa hiyo nyumba nzima imebandikwa vikaratasi: friji ina jina lake, mlango una lake, sufuria ina lake. Mzee wetu alisinzia kochini Ijumaa, akaamka ana kikaratasi kifuani. Hakukibandua, anasema labda naye atapata viza.

Wa kunitatiza kabisa ni kitinda mimba. Huyu anajifunza Kikorea. Hakuna mwalimu, hakuna mtihani, hakuna kamusi niliyonunua, hata Mkorea mmoja sijamwona mjini hapa. Anajifunza kwa sababu ya tamthilia za kwenye simu ya mamake. Anaandika viduara na vijiti kwenye vumbi la kioo cha tuktuk yangu, na watalii wananiuliza imeandikwa nini. Nawaambia ni dua. Yule mkubwa kwa Kifaransa tulimbembeleza na kumtisha, huyu tukimwambia alale anatuitikia kwa Kikorea.

Basi nikasema sawa, tubaki na Biashara, angalau haihitaji mwavuli. Wiki ya pili tu binti akanijia na daftari jipya lililopigwa mstari katikati. Mwalimu amewataka waandike mahesabu ya biashara ya nyumbani. Akauliza mafuta, akauliza hesabu ya mwenye tuktuk, akauliza nauli za wateja wa kila siku, mpaka bibi wa sokoni. Akajumlisha upande huu, akajumlisha ule, akauma kalamu.

"Baba, pande mbili hazilingani. Zile anazokuongeza bibi ukipatia vitenzi, huwa unaziingiza wapi?"

Mke wangu akaacha kukuna nazi, mbuzi chini yake, mikono myeupe mpaka viwikoni. "Bibi gani huyo, baba watoto? Na anakuongeza nini?"

Nikawajibu kwa Kiitaliano.