Bembea haisikilizi singeli

Wiki ya kwanza ya mazoezi ya onyesho letu la sarakasi ya kitambaa, wote tulimlaumu yule binti wa kuning'inia. Tulikuwa kwenye ghala la kuazima hapa Dar es Salaam, kitambaa kimefungwa kwenye boriti ya chuma, spika mbili pembeni, na mdogo wangu prodyuza kaja na biti ya singeli, ule muziki wetu wa kasi wa uswahilini, ya mapigo 240 kwa dakika. Wazo lilikuwa langu: giza, taa chache, mtu anaelea hewani, na singeli. Binti akapanda, akajizungushia kitambaa kiunoni, tukamsukuma akaanza kupembea. Kila nikitazama, anachelewa.

"Dada, huyu hana mdundo," prodyuza akaninong'oneza.

Kumbe mdundo anao, ila si yeye anayeupanga. Aliyecheza bembea utotoni analijua hili hata kama hakuwahi kulifikiria: mtoto mnene na mtoto mwembamba, kila mmoja kwa zamu yake kwenye bembea ileile, wanakwenda na kurudi kwa muda uleule. Anayeamua ni urefu wa kamba na mvuto wa dunia. Ukipima mita sita kutoka kwenye ndoano hadi katikati ya mwili, safari ya kwenda na kurudi inachukua karibu sekunde tano, upende usipende. Ukitaka muda huo upungue nusu, kamba haipungui nusu, inabaki robo: mita moja na nusu. Hapo huna tena onyesho, una nguo iliyoanikwa.

Prodyuza alitaka binti aongeze kasi. Nikamwambia apige hesabu yeye. Mapigo 240 kwa dakika ni manne kwa sekunde, na sekunde tano ni mapigo ishirini. Tukamshusha binti kidogo mpaka kipimo kikafika kama mita 6.2, na bembea ikatulia kwenye sekunde tano. Kila baada ya mapigo ishirini akawa yuko kileleni, pale ambapo mtu husimama hewani kwa kitambo kabla ya kurudi. Kishindo kikubwa cha biti kikahamishiwa hapohapo. Fundi wa taa, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakula karanga bila kusema neno, akaacha kutafuna.

Kuna kikwazo kimoja. Ukimrusha juu sana, tuseme kamba ifike nyuzi 45, muda unarefuka kwa takriban asilimia 4. Kwenye muziki wa polepole hakuna atakayejua. Kwenye singeli hilo ni karibu pigo zima, na sikio la mtoto wa Tandale, mtaa wa singeli, halidanganyiki. Kwa hiyo hatumrushi sana.

Ndiyo maana nabishana na wenzangu wanaochagua wimbo kwanza, kisha wanamwambia mwanasarakasi "utaufuata". Sarakasi tulizozoea, zile za piramidi za watu na kuruka pete za moto, ziko chini na zinakwenda na ngoma bila shida, kwa sababu mguu ukigusa ardhi unaweza kuharakisha. Aliyening'inia hana ardhi. Muziki ndio umfuate yeye. Na singeli si lazima ipunguzwe kasi, kama nilivyoshauriwa na watu watatu tofauti. Raha yenyewe iko hapo: juu mtu anapita taratibu kama jahazi, chini biti inakimbia kama bodaboda yenye abiria aliyechelewa kazini. (Singeli imelelewa kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za uswahilini. Sisi tumeileta juu ya godoro halisi, lile nene la kuangukia.)

Kuhusu taa, mwalimu wangu ni Loie Fuller, Mmarekani aliyeishangaza Paris mwaka 1892 kwenye ukumbi wa burudani wa Folies Bergère. Alivaa hariri pana mno, akaipeperusha kwa fimbo alizozificha ndani ya mikono ya gauni, na kuimulika kwa taa za umeme za rangi. Baadaye alimulikwa hata kutoka chini, kupitia sakafu ya kioo. Alichoelewa mapema ni kwamba kitambaa chenyewe ndicho skrini. Nasi tulirudisha projekta tuliyokodi, tukabaki na kitambaa cheupe na taa mbili za pembeni. Taa za kumetameta haraka haraka nimezikataa kabisa. Aliye juu akipigwa na mwanga wa kukatika-katika hajui tena kitambaa kiko wapi na sakafu iko wapi, na kwa baadhi ya watazamaji wenye kifafa mwanga huo unaweza kuamsha degedege. Nimeambiwa bila taa hizo singeli haijakamilika. Basi isikamilike.

Pesa yetu kubwa imeishia mahali ambapo mtazamaji hapaoni: ndoano, karabina (pete za chuma za kuunganishia), na fundi anayejua kazi ya kufunga. Binti akijiachia kutoka juu na kitambaa kikamdaka, kwa nukta moja boriti inabeba uzito wake mara kadhaa. Mafundi makini hudai pahali pa kufungia pahimili angalau mara kumi ya uzito wake, maana yake kwa mtu wa kilo 55 si chini ya kilo 550. Mwenye ukumbi wa kwanza tuliouona alimtazama binti akasema, "Huyu mwembamba, patashika tu." Tulimshukuru tukaondoka.

Juzi umeme wa TANESCO ulikatika katikati ya mazoezi. Spika kimya, taa zimezima, na juu yetu kitambaa kinaendelea kuvuma: kinakwenda, kinarudi. Prodyuza akaanza kuhesabu kwa mdomo, na alipofika ishirini binti akapiga kofi kutoka gizani.

Sasa namwomba prodyuza aache bembea nane bila muziki, sekunde arobaini. Anakataa. Anasema watu watadhani ni TANESCO.