Alipewa Mwandishi, Sasa Analia Nini?

Kauli hiyo niliisikia chumba cha walimu siku matokeo yalipotoka, na mpaka leo imenikwama kooni. Aliyeitoa wala si mtu mbaya. Ni mwenzetu mwenye roho nzuri, yule anayechangia misiba kabla hajafuatwa. Alipitisha kidole kwenye orodha, akaona msichana wetu asiyeona ameanguka hesabu, akaguna: "Si alipewa mwandishi? Si alipewa na dakika za ziada? Sasa analia nini?"

Sikumjibu. Huyo mwandishi, mtu wa kumwandikia majibu kwenye mtihani, nilikuwa mimi.

Nafundisha historia, tena madarasa ya chini, na msichana yule nilikuwa namfahamu kwa kupishana naye tu. Asubuhi ya mtihani niliitwa chai ikiwa bado mkononi. Aliyepangwa hakutokea. Sifa yangu iliyonipatia kazi ilikuwa moja: wewe hesabu huzijui, kwa hiyo hutamwibia majibu. Twende! Sawa, naielewa kanuni ya kutomweka mwalimu wa somo. Lakini kati ya mwalimu wa hesabu na mtu ambaye hesabu alizikimbia akiwa kijana, hivi hakuna mtu mwingine duniani?

Tuliwekwa stoo. Madawati yaliyovunjika huku, maboksi kule, sisi katikati na msimamizi mlangoni. Msichana alipoteza uwezo wa kuona miaka miwili tu kabla, na vidole vyake vilikuwa havijaizoea nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa, kiasi cha kufanyia mtihani. Kwa hiyo mimi nisome swali, yeye ajibu kwa mdomo, mimi niandike. Rahisi, au siyo?

Swali la tatu akaniambia: "Mwalimu, andika moja juu ya eksi jumlisha tatu."

Nikaandika moja, nikachora mstari, chini yake nikaweka eksi. Kalamu ikasimama. Ile tatu niiweke wapi? Ikikaa chini ya mstari pamoja na eksi, hiyo ni hesabu moja. Ikikaa pembeni, ni nyingine kabisa. Chukulia eksi ni 1: ukiiweka pembeni unapata 4, ukiiweka chini unapata robo. Kichwani mwake mwandiko ulikuwa mmoja, hauna utata. Mdomoni ukatoka na sura mbili, na mwenye kuchagua nikawa mimi wa historia.

Nikamgeukia nimuulize. Msimamizi akakohoa. Mwandishi haulizi maswali, mwandishi anaandika anachoambiwa. Na kwa bahati mbaya hoja yake ilikuwa na mashiko, kwa sababu nikimuuliza "chini au pembeni?" nimeshamdokeza kwamba pana njia mbili. Basi nikakisia. Mistari mitano mbele akaniomba nimsomee nilichoandika, nikamsomea, na mdomoni kwangu ikatoka vilevile: moja juu ya eksi jumlisha tatu. Akasema ndiyo, hivyo hivyo. Angelijuaje kosa langu? Jibu lake la mwisho halikulingana na mistari niliyoandika, na msahihishaji asiyetujua wote wawili bila shaka aliona mtoto aliyeotea.

Tulifika swali la mchoro. Hakukuwa na mchoro wa kugusa, kulikuwa na mimi na maneno yangu. Hilo niliache, litanipandisha presha.

Dakika za ziada? Tulizipata. Zilikuwa kwenye karatasi ya ratiba, zimepigwa na muhuri. Wenzake walipotoka, kelele zikajaa kwenye korido, na msimamizi akaanza kukusanya vitu vyake, saa anaitazama, sisi anatutazama. Msichana hakuwa anayaona hayo, ila zipu ya mkoba aliisikia. Akaanza kuharakisha. Muda wa ziada unaosindikizwa na zipu ya mkoba ni zawadi ya ajabu sana.

Ndiyo maana ile "si alipewa" imenichoma. Tumezoea kuhesabu vilivyotolewa: mwandishi, tiki, muda, tiki, chumba cha peke yake, tiki. Fomu imejaa, roho zetu nyeupe. Hakuna safu ya kuuliza kama huyo mwandishi na huyo mtoto wamewahi kukaa meza moja hata mara moja. Na kuandikiwa ni ufundi, kwa pande zote mbili. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye maneno yanamtoka kwa taabu anahitaji mtu ambaye masikio yake yameshamzoea. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, aliyepangiwa msomaji anahitaji kuwa ameshazoea kusikiliza swali refu na kulishika kichwani, maana macho na masikio hayasomi sawasawa. Ukiviteremsha vitu hivi siku ya mtihani umemwongezea mtoto somo jipya, na hilo halimo kwenye muhtasari.

Hata tatizo la ile tatu yangu lilishapatiwa dawa zamani. Abraham Nemeth, mwanahisabati Mmarekani asiyeona, ndiye aliyebuni mfumo wa kuandika hesabu kwa nukta nundu uliochapishwa mwaka 1952. Yeye naye alifanya kazi na watu wa kumsomea na kumwandikia, kwa hiyo alitunga na kanuni za kuzitamka hesabu: sehemu, yaani ile namba yenye juu na chini ya mstari, ikianza unasema imeanza, ikiisha unasema imeisha. Basi. Maneno mawili. Tungeyakubaliana wiki moja kabla, kwa mazoezi ya saa mbili, na mimi mjinga wa hesabu ningeandika sawasawa bila kuelewa chochote.

Najua nitaambiwa watu wanadanganya. Wanadanganya, haya, nakubali. Kashfa ya kuingiza watoto vyuo vikuu iliyolipuka Marekani mwaka 2019 ilionyesha wazazi wenye fedha wakiwatafutia watoto wao vyeti vya matatizo ya kujifunza wasiyokuwa nayo, ili wapate muda wa ziada na chumba ambamo msimamizi ameshahongwa. Wale walikuwa na mshauri wa kulipwa, walijipanga mapema, kila kitu kikaenda kama saa. Wetu asiyeona kweli kaletewa mtu wa chai. Kwa hiyo msiniambie mipango mizuri haiwezekani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unasema katika ibara ya 2 kwamba kumnyima mtu marekebisho anayostahili ni ubaguzi, isipokuwa pale marekebisho hayo yanapokuwa mzigo uliopitiliza. Wakubwa wengi wanaisoma kuanzia kwenye neno "mzigo". Saa mbili za mazoezi ni mzigo wa nani?

Msichana anarudia mtihani. Nilimfuata mwenyewe, nikamweleza habari ya ile tatu, yote, mpaka nilivyokisia. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama nina nafasi Jumamosi. Tumeshakutana mara nne. Kwa siku yenyewe nimeshaomba kwa maandishi niwe mimi, jibu bado. Jumamosi iliyopita nilikuwa naandika huku nawaza mengine, nikamrudishia alichosema. Akagonga meza kwa kidole.

"Mwalimu, nilisema sehemu imeisha kabla ya tatu. Futa."