Uzamili wa mikrowevu: je, simulesheni pekee inatosha?

Tasnifu ya antena iliyofanywa yote ndani ya kompyuta istahili shahada ya uzamili, au kila mwanafunzi atengeneze kifaa chake na kukipima?

Wanaotetea simulesheni hawasemi ovyo. Programu hujaribu mamia ya miundo usiku mmoja, ilhali bodi ikiagizwa huchukua wiki kadhaa. Chumba cha kupimia antena kisichoakisi mawimbi ni ghali. Tena kipimo kibovu hudanganya kuliko simulesheni nzuri: sawazisha VNA (kifaa cha kupima mawimbi yanayorudi na yanayopita), kisha ikunje kebo, fazi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) itahama na utakuwa unaipima kebo pamoja na antena.

Ila chukua antena ya pachi (kipande bapa cha shaba) ya 2.45 GHz juu ya FR-4, bodi ya kawaida ya saketi, ya unene wa milimita 1.6, zoezi la kila anayeanza. Programu imeambiwa kigezo cha dielektriki, yaani kiasi ambacho bodi hupunguza kasi ya wimbi, ni 4.4. Bodi iliyopo mezani ina 4.2, tofauti ya kawaida kwa FR-4. Rezonansi, masafa ambayo antena hufanya kazi vizuri zaidi, inapanda hadi karibu 2.505 GHz, na bendi huria (isiyohitaji leseni) inaishia 2.4835 GHz. Kitovu cha antena kimetoka nje ya bendi, na kwenye programu hakuna aliyekosea hata tarakimu moja. Kemikali ya kuchonga shaba ikila milimita 0.2 zaidi kwenye urefu wa pachi wa milimita 29, ongeza kama 17 MHz nyingine.

Hapo ndipo masomo yanapoanza. Ni bodi, shaba, konekta au usawazishaji? Tengeneza laini mbili za maikrostripu (vipande vyembamba vya shaba vinavyopitisha mawimbi juu ya bodi) zenye urefu tofauti kwenye bodi ileile, zenye konekta za aina moja, upime fazi ya kila moja. Ukitoa moja kwa nyingine, mchango wa konekta unajifuta, na tofauti ya fazi kwa tofauti ya urefu inakupa dielektriki halisi. Irudishe kwenye programu. Sasa simulesheni hiyo ina uzito, maana imefungwa kwenye bodi iliyopo.

Kuna na ulevi wa S11, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena badala ya kuingia. Mchoro unaoshuka hadi -25 dB hupendeza sana kwenye tasnifu. Mzigo mzuri wa omu 50, yaani kipingamizi kinachofyonza nguvu, nao hushuka hadi -40 dB, na haurushi chochote hewani! FR-4, yenye tanjenti ya upotevu (kipimo cha nguvu inayopotea ndani ya bodi) karibu 0.02, hugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto, na kwenye S11 joto hilo linafanana kabisa na mnururisho, nguvu inayorushwa hewani. Ni kweli programu hukokotoa ufanisi, lakini kwa upotevu ulioiambia wewe mwenyewe.

Kwenye 28 GHz hoja ya gharama inapata nguvu. Wimbi lina milimita 10.7 tu, konekta za kawaida za SMA huishia 18 GHz, na dishi la sentimita 30 huhitaji karibu mita 17 kufikia uga wa mbali, umbali ambao antena hupimwa ipasavyo. Kumlazimisha kila mwanafunzi apime safu nzima ya antena (antena nyingi zinazofanya kazi pamoja) hapo ni kumwonea. Hata hivyo VNA ndogo zinazofika 3 GHz zipo, na laini mbili za maikrostripu hutoka kwenye kipande kimoja cha bodi. Asiyeweza kupima safu yake ya 28 GHz apime hizo kwanza, kisha aeleze kwenye tasnifu kwa nini mikunjo yake miwili ya grafu, wa simulesheni na wa kipimo, haikulingana.