Barabara ya Likoni, na mgeni aliyetufutia wimbo

Tangu yule mgeni aondoke kuna maneno yanazunguka huku mtaani, ati mtunzi wa myuzikali, ile michezo ya stejini ya kuimba, katoka London kaja Mombasa kuwafunza watoto wetu kuimba, watoto waliozaliwa kwenye nyumba za taarab na kasida, yaani hata hiyo inaingia akilini? Mie nilikuwepo siku zote kumi, ndie niliyekuwa mkalimani, malipo yangu chai na mahamri, kwa hivyo ngoja niseme manake wengi wanaobwabwaja hata mlango wa ule ukumbi hawakuuona.

Kwanza, kuimba hakuwafunza. Kuimba wanajua. Kuna binti mmoja wa Majengo akifungua mdomo hata fundi wa feni anashuka ngazi asikilize. Alichowafunza yule jamaa ni kufuta, na hapo ndipo tulipo hoi sisi wote, mie nikiwa wa kwanza.

Wale vijana walikuwa na mchezo wao wa nyimbo tayari, wameuandika wenyewe, hadithi ya msichana wa Likoni ambaye mamake anauza viazi karai karibu na feri naye anataka kuvuka akaishi upande wa mjini. Wimbo wa kwanza unaanza hivi: "Barabara ya Likoni, nifikishe kisiwani." Mizani nane kwa nane, vina viko sawa, hata mzee wa malenga hawezi kukuuliza swali. Tatizo ni biti. Walikuwa wameitoa YouTube, na kwenye ile biti dundo zito linaangukia silabi ya pili. Sasa mgeni Kiswahili hajui, alichofanya akamwambia kijana mmoja, usiimbe, niambie tu hilo neno la kwanza kama unamuelekeza dereva wa tuktuk. Kijana akasema barabara. Mgeni akapiga meza pale sauti ilipopanda: ba-ra-BA-ra. Haya sasa imba. Ba-RA-ba-ra. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mgeni kasimama anatutazama hajui kunani, ikabidi nimueleze kwamba tukisema vile si njia tena, maana yake ni sawasawa, kwa hivyo yule msichana kwa wiki tatu za mazoezi alikuwa anaimba "sawasawa ya Likoni". Na mie nilikuwa nakaa pale pale kila jioni nasikia nzuri tu!

Mgeni akapiga mstari juu ya noti zote. Kalamu ya wino, si penseli.

Kijana mmoja wa Mji wa Kale akapinga, na alipinga vizuri. Akasema babu yake ni mtu wa mashairi na shairi letu linapimwa kwa mizani na vina, mkazo haumo, na waimbaji wetu tangu zamani wanalivuta neno watakavyo. Ni kweli kabisa, mchukue Juma Bhalo au Zuhura Swaleh, sauti inavutwa inapindwa na hakuna anayelalamika. Lakini nimeifikiria sana hiyo hoja na naona taarab ina raha yake moja ambayo stejini hakuna: kwenye taarab ubeti unarudiwa, watu wanasimama wanakwenda kutuza, fumbo unalitafuna mpaka nyumbani, na kesho barazani mnabishana fulani kapigwa dongo au hakupigwa. Kwenye mchezo neno linapita mara moja basi. Mtu wa safu ya nyuma asipolishika, hadithi imeshamuacha kama feri, nae anabaki kuuliza jirani "kasemaje?" Kwa hivyo babu yuko sawa na mgeni yuko sawa, ila kazi ni mbili.

Tena mgeni nae alikwama. Alizoea Kiingereza, kina maneno mengi ya silabi moja, unamaliza wimbo kwa neno fupi zito unalishikilia juu mpaka watu wapige makofi. Kiswahili uzito kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho, ile ya mwisho inateremka. Kila akijaribu noti ndefu ya kumalizia, neno linachechemea. Siku mbili hivi alikuwa na sura ya mtu aliyepoteza ufunguo. Mpaka tukatoka nje kwenda kununua madafu, matatu ikapita na makanga kaning'inia mlangoni, "Mtwapaaaaa! Mtwapaaaaa!" Jamaa akasimama barabarani na dafu mkononi. Akaniuliza, hilo neno mnalielewa hivo? Nikamwambia tunalielewa na tunalipanda. Basi kesho yake nusu saa nzima vijana wakapewa kazi ya kupiga debe, Bamburi, Kongowea, Mtwapa, anaandika: uzito uguswe kwanza mahali pake, ndio mwisho uvutwe hata dakika nzima. Hicho hakukibeba kutoka London, alipewa na makanga, na mpaka leo huyo makanga hajui.

Lakini siku ya saba ndio nataka kuisema. Yule binti wa Majengo alikuwa na wimbo wa kumlilia mamake, wimbo bora kuliko zote, mama mmoja anayefagia ukumbi kila ukiimbwa anaacha fagio. Mgeni akasema huu utoke. Sababu yake, kwenye mazungumzo kabla ya wimbo mama na mtoto wameshayasema yote, wimbo unakuja kusema tena yale yale na hadithi inakaa kitako inasubiri umalizike. Sasa mie mkalimani, walai sikuweza. Nikatafsiri, "anasema labda tuupunguze kidogo." Jamaa akatazama nyuso zao, zimetulia mno, akanigeukia: umewaambia? Nikaona aibu, nikawaambia. Binti akatoka nje akakaa kwenye ngazi na mtandio usoni.

Ndio mgeni akawapa kisa cha Stephen Sondheim, Mmarekani, mtunzi wa myuzikali nae, mwaka 1962 mchezo wake wa kuchekesha ulikuwa unakufa Washington kabla ya kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, watu hawacheki. Akaitwa Jerome Robbins, muongozaji wa michezo, kuutazama, akasema shida ni wimbo wa kufungulia, ni mtamu lakini unamwambia mtazamaji mambo mengine, hajui kama amekuja kucheka. Sondheim akaandika mwingine. Mchezo ule ule, ukafika Broadway ukaonyeshwa mara 964.

Sisi tumelelewa vipi? Mashindano ya muziki ya nchi hii yapo tangu 1927, na mtu yeyote aliyepita shuleni anajua seti pisi, mnapewa wimbo, mnaukariri kwa solfa muhula mzima, ukigusa noti moja jaji anakata maksi. Nidhamu nzuri, sina neno. Ila mtoto anatoka pale akiamini wimbo ni kitu kinachoshuka kimeshaiva. Hajawahi kumuona mtu mzima, tena wa kulipwa, anakosea, anafuta, anakosea tena, anakuna kichwa mpaka jasho linamtoka kwenye joto la kaskazi na feni imezimika stima. Hilo ndilo nililopenda kuliko yote, kumuona mtaalamu hajui.

Na ndio maana hizi warsha za siku moja mie zinanichosha, mtu anashuka uwanja wa ndege, anawaimbisha watoto wimbo wake alioufanya kwao, soda, cheti, picha ya pamoja, kwaheri. Tumeshaletewa za hivyo na mfadhili mmoja simtaji, vyeti viko kabatini kwangu mpaka leo hakuna aliyerudi kuchukua. Siku kumi pia chache. Angekaa mwezi.

Wimbo wa mama haukurudi, kama mnataka kujua. Pahala pake sasa mama anaosha sufuria ya viazi kimya na binti anaimba mistari minne tu ya bei ya mafuta ya kupikia, na ukumbi unalia zaidi kuliko zamani, sijui kwa nini.

Juzi nimepita Majengo nikamkuta yule binti barazani, daftari pajani, anagonga ukingo wa kiti kwa kidole anasema neno moja tu, ngarawa, ngarawa, ngarawa. Nikamtolea salamu, nikamuuliza vipi mwanangu, ndio wimbo mpya huo? Akaniinulia mkono bila kunitazama.

"Anti subiri kwanza, bado halijakaa."